Saa Moja ya Subira

Magoti bado yanawaka, na shati langu la kazini limelowekwa kwenye ndoo tangu jana bila dalili ya kurudi kuwa jeupe. Jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kituo chetu cha daladala huku Sinza kimejaa watu wa Posta na Kariakoo, mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye ukingo wa mtaro, kichwa na bega moja vimezama ndani ya kalavati, makalio yameelekea barabarani, nikiita kwa sauti yote niliyojaliwa: "Subira! Subira mama, toka! Baba yuko hapa!"

Subira ni mbwa. Ni Jack Russell, teria jike mweupe mwenye mabaka ya kahawia usoni, kilo sita kasoro, kimo hakifiki gotini. Nawaambia ninyi mapema kwa sababu watu wa kituoni hawakuambiwa mapema, na hawakuambiwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Hilo nataka lieleweke. Kila nilichoulizwa nilikijibu, na nilijibu kweli tupu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama lishe anayeuza supu na chapati pale pembeni. Nilisikia kandambili zake zikisimama karibu na kiuno changu.

"Kaka, kuna nini humo?"

"Subira kaingia."

"Kaingiaje?"

"Kanichomoka mkononi, kazama."

"Yarabi! Ana umri gani?"

"Miaka miwili na nusu."

Mtu aliyeingiza kichwa kwenye bomba la zege hasikii vizuri ya nje. Ukelele aliopiga yule mama niliusikia, maneno yake sikuyapata. Na sauti ya mbwa ikipita kwenye bomba refu lenye matope hupoteza ukali wote. Kinachofika nje ni kilio chembamba cha kukata maini. Watu wakasikia kilio. Daladala ikasimama, konda akashuka, abiria wakamfuata, na vijana wa bodaboda wakatoka kijiweni mbio.

"Amevaa nini?" akauliza mwanamume mmoja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa.

"Hajavaa kitu. Ana mkanda mwekundu tu shingoni."

Nikasikia watu wakinong'onezana habari za hirizi.

"Amekula lakini?" Huyu ni mama lishe tena, sauti imeshaanza kukatika.

"Tangu jana jioni hajala. Simpi chakula mpaka amalize mazoezi."

"Mazoezi?"

"Lazima. Saa moja kila siku. Asipofanya anakula viatu."

Kimya kikapita juu ya mgongo wangu. Kisha yule mwanamume akauliza polepole, neno moja moja: "Na mama yake yuko wapi?"

"Mama yake simjui. Alinipa Mzungu mmoja alipokuwa anarudi kwao. Walizaliwa wengi, wengine akawagawa kwa watu."

Hapo nikahisi mikono ya watu imenishika vifundo vya miguu, yote miwili, kwa nguvu. Nikashukuru moyoni kwamba Dar es Salaam bado ina watu wa kusaidiana. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba walikuwa wananizuia nisikimbie mpaka polisi wafike.

Mtu mmoja alikuwa anapiga 114 kuwaita zimamoto, lakini vijana wa bodaboda hawakusubiri. Walileta mtaimbo na nyundo kutoka gereji ya jirani, wakang'oa mfuniko wa zege wa kwanza. Wa pili ukagoma, wakaupasua. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akafika amekosea vifungo vya shati, akatangaza kwamba tangu sasa yeye ndiye msimamizi wa zoezi. Kina mama walikuwa wanalia waziwazi. Mzee mmoja wa kanzu, ndiyo kwanza anatoka msikitini, akasogea mbele kabisa, akainama juu ya shimo, akaanza kumwombea dua mtoto Subira.

Ndipo Subira akatoka. Alitoka kinyumenyume, matope mpaka masikioni, akijivuta kwa taabu kwa sababu mdomoni alikuwa amebeba panya buku ambaye mkia wake peke yake ulikuwa mrefu kuliko mbwa alivyo kwenda juu. Akamlaza yule panya miguuni pa mzee, akarudi nyuma hatua moja, akajikung'uta.

Kanzu ilikuwa nyeupe.

Watu walitazama mbwa, wakanitazama mimi, wakatazama mifuniko iliyopasuliwa. Aliyevunja kimya ni konda. "Oya, kumbe mbwa! Posta, Posta, twende!" Abiria wakapanda bila kuniangalia, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa amelia kuliko wote. Huyo alinisogelea akaniambia, "Kaka, machozi yangu utayalipa," nami naamini hakuwa anatania.

Mzee wa kanzu ndiye aliyeniumiza, kwa sababu hakukasirika. Alinyoosha pindo la kanzu yake, akalitazama, akasema: "Mwanangu, nguo hii sasa naiosha mara saba, na moja kwa udongo." Akatupa jicho mtaroni, kisha kwenye kifua chake kilichotapakaa. "Udongo naona umeshaniletea."

Mwenyekiti aliandika orodha: mifuniko miwili ya zege, mtaimbo mmoja uliopinda, sufuria ya supu iliyoungulia jikoni bila mwangalizi. Nikatia saini pale pale, kalamu nikiishika kwa vidole viwili visivyo na matope. Tangu jana mtaa mzima unaniita Baba Subira, na nyumbani nako nimeulizwa, kwa upole ulionitisha, huyo Mama Subira anakaa wapi.

Sasa, mambo haya yana mwenyewe, na mwenyewe amezikwa Uingereza tangu mwaka 1883. Ni John Russell, kasisi wa Kianglikana, mzaliwa wa Devon mwaka 1795. Kasisi huyu alipenda dini na alipenda kuwinda mbweha. Sitaki kusema kipi kilitangulia, ila dunia haimkumbuki kwa mahubiri. Mwaka 1819 hivi, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alikutana na muuza maziwa aliyefuatana na teria jike mweupe mwenye mabaka kichwani, jina lake Trump. Akampenda palepale, akamnunua. Wenzake walitoka Oxford na shahada. Yeye alitoka na shahada na Trump, na kwa huyo Trump ukaanza ukoo uliokuja kuishia kwenye mtaro wa Sinza.

Kumwelewa teria sharti uielewe kazi aliyoumbiwa, na kazi yenyewe, kusema kweli, inanivutia kuliko ilivyo afya kwa mtu mwenye ajira. Waingereza wa enzi zile waliwinda mbweha kwa msafara: watu juu ya farasi, na mbele yao kundi la mbwa wakubwa wenye miguu mirefu wanaofuata harufu. Mbweha akizidiwa haendelei kukimbia, anaingia shimoni. Mbwa wakubwa hawaingii, mabega hayapiti. Msafara mzima unasimama, farasi wanahema, mabwana wenye makoti mekundu wanatazamana. Hapo ndipo anapotafutwa teria.

Teria lazima awe mdogo, lakini siyo mdogo ovyo. Anahitaji miguu ya kufuatana na farasi kutwa nzima, na kifua chembamba cha kupita alipopita mbweha. Kifua hicho hupimwa kwa mikono: mtu humshika nyuma ya mabega, na viganja viwili vikishindwa kumzunguka, basi mbwa amezidi shimo. Mpaka leo waamuzi wa maonyesho ya mbwa huwapima hivyohivyo. Weupe wake nao haukuwa urembo. Mbweha wa kule ni mwekundu, na mbwa wa rangi hiyo akitokeza shimoni na matope usoni anaweza kuraruliwa na wenzake kwa kudhaniwa ndiye windo.

Akishaingia, kazi yake siyo kuua. Kazi yake ni kelele. Anasimama gizani mbele ya meno ya mbweha, anabweka bila kupumzika. Mbweha akichoshwa na kelele anatokea mlango wa pili, msako unaendelea. Akigoma, watu wa juu wanatega masikio ardhini, wanaifuata sauti, wanachimba mpaka wawafikie. Muda wote huo teria hana wa kumwelekeza. Mbwa wa kuchunga kondoo humtazama bwana wake kila mara, anangoja ishara. Teria aliumbiwa kazi ambayo bwana hawezi kuiona, kwa hiyo waliochaguliwa kuzalishwa ni wale wanaojiamulia wenyewe na wasiojua kukata tamaa. Kumwita teria akiwa shimoni ni kupoteza pumzi. Kilichomfundisha kutokukusikia ni karne mbili za wazazi wake.

Itazame jana kwa macho ya Subira, basi. Aliona shimo, akaingia. Alimkuta mwenye nyumba, akabweka. Akashikilia msimamo gizani, peke yake, matopeni, mpaka watu wakaja juu, wakaisikia sauti, wakachimba. Na walichimba kweli! Vijana wa bodaboda wa Sinza, bila kujua, walitimiza wajibu wa watu wa Devon wa karne ya 19, tena kwa zege. Kwa Subira ile haikuwa aibu hata kidogo. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza binadamu wamefanya kazi yao sawasawa.

Na panya mwenyewe asidharauliwe. Panya buku ni mnyama mzito, anaweza kupita kilo moja, na pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha hao hao kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia akatafuta mabomu, na mwaka 2020 taasisi ya wanyama ya Uingereza, PDSA, ikamvisha medali ya dhahabu kwa ushujaa. Kwa hiyo Waingereza wametuletea mbwa wa kufukuza panya, kisha wakampa panya wetu nishani. Mimi niliyeko katikati nimepewa orodha ya mifuniko.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hata huko kwao kazi imekwisha. Sheria iliyopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Februari 2005 ilipiga marufuku kuwinda mbweha kwa makundi ya mbwa huko England na Wales. Teria wa leo yuko kama vijana wetu waliohitimu: ujuzi anao, nguvu anazo, anaamka alfajiri na kukaa mlangoni akiwa tayari, na ajira hakuna. Kila anachokifanya nyumbani kwangu, kuanzia kuchimba chini ya jiko la gesi hadi kubwekea bomba la sinki, ni maombi ya kazi.

Haya yote hayakuandikwa kwenye karatasi niliyoachiwa. Mzungu wangu, bosi wa zamani, aliuza gari, friji na jiko, kisha vilivyokosa mnunuzi akavigawa. Mimi nilipata pazia mbili na Subira. Jina alimpa yeye mwenyewe, wakati anajifunza Kiswahili kwa methali. Wahenga walisema subira yavuta heri. Huyu wake ananivuta mimi. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Chakula: mara mbili kwa siku. Chanjo ya kichaa cha mbwa: kila mwaka. Mazoezi: saa moja kwa siku.

Saa moja! Na si kwamba aliitunga. Vitabu vya wafugaji wa Ulaya ndivyo vinavyosema. Yorkshire teria, yule mdogo wa nywele ndefu ambaye babu zake walikamata panya kwenye viwanda vya nguo, anatosheka na nusu saa hivi. Airedale, mkubwa wa ukoo, anataka saa mbili. Jack Russell yuko katikati, saa moja au zaidi. Inasomeka vizuri. Lakini aliyeandika saa hiyo aliiandikia nchi ambayo mtu hutoka nje adhuhuri akavaa sweta.

Mbwa hatoki jasho mwilini. Jasho lake ni la nyayoni tu, nalo halitoshi kitu. Joto analitoa kwa kuhema, ulimi nje, maji ya mdomoni yakikauka na kuondoka na joto. Sasa hewa ya Dar es Salaam ya Januari imeshajaa maji yake yenyewe, haina nafasi ya kupokea ya mbwa. Anahema, hapoi, anahema zaidi. Ukichanganya na lami iliyochomwa na jua, saa moja ya mazoezi ya mchana inaweza kumuua. Kwa hiyo saa ya Subira ni kati ya alfajiri na saa moja asubuhi, au baada ya Magharibi, na kabla ya kutoka unaweka mgongo wa kiganja kwenye lami: ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde chache, nyayo zake nazo zitashindwa. Nimeonekana nimechuchumaa nikipapasa lami ya Shekilango jioni, na wasamaria wakachuchumaa kunisaidia kutafuta hela iliyodondoka.

Na hiyo saa ikishatimia? Mmoja wetu huwa hoi, naye siye yule aliyeandikiwa. Mimi nalala kwenye kochi. Subira analeta mnyororo mdomoni. Nikaongeza mwendo, nikaanza kukimbia. Hapo nikagundua jambo ambalo kocha yeyote angeniambia bure: ukimkimbiza mnyama kila siku humchoshi, unamjengea pumzi. Nilikuwa namtengeneza mwanariadha. Jack Russell mmoja aitwaye Bothie alifuatana na Ranulph Fiennes na mkewe Ginny kwenye safari yao ya kuizunguka dunia ya 1979 hadi 1982, akafika Ncha ya Kusini na Ncha ya Kaskazini. Huo ndio umbali wanaouona kuwa wa kutosha.

Jirani mmoja mzee, mpenzi wa taarabu ya kale, aliniambia namlea vibaya, kwamba teria anaweza kutulia, yeye mwenyewe amemwona. Kumbe amemwona kwenye santuri. Kampuni ya His Master's Voice, ile iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, nembo yake ni mbwa mweupe ameketi mbele ya gramafoni, kichwa amekiinamisha, anasikiliza kwa adabu. Mbwa yule ni wa kweli, aliitwa Nipper, mwenye damu ya teria, aliyezaliwa Bristol mwaka 1884 na kupewa jina hilo kwa tabia yake ya kung'ata miguu ya wageni. Alifariki mwaka 1895. Picha ilichorwa mwaka 1898. Ndiyo maana ametulia.

Mengine nayapitia harakaharaka. Pale Coco Beach alichimba chini ya mkeka wa wachumba mpaka bwana harusi mtarajiwa akazama upande mmoja. Kwenye mechi ya vijana aliudaka mpira wa penalti, na timu iliyofaidika ikataka kumsajili. Na nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mama wa heshima anayeitwa Subira, ambaye alinisikia dirishani kwangu usiku nikisema, "Subira, shuka kitandani, mke wangu anakuja."

Kilichokuja kuniokoa ni pua. Sisi tuna vipokea harufu milioni tano au sita. Mbwa ana zaidi ya milioni mia mbili. Tena pua yake imepasuliwa ubavuni kwa hesabu: hewa inaingia kwa mbele na kutokea kwenye ufa wa pembeni, hivyo akitoa pumzi haipeperushi harufu anayoitafuta, anaendelea kunusa mara kadhaa kwa sekunde bila kupoteza uzi. Kwa mnyama wa namna hiyo, kutembezwa mbiombio barabarani ni kufunguliwa maktaba na kukatazwa kusoma. Siku niliyomwacha anuse atakavyo, uchochoro mmoja tu, nguzo baada ya nguzo, mimi nimesimama tu nasalimia wapita njia, alirudi nyumbani akalala mpaka alasiri.

Sasa nina beseni kuukuu nimelijaza mchanga. Jioni nafukia humo kiganja cha dagaa wa Mwanza, wakavu wasio na chumvi, mmoja mmoja, wengine chini kabisa. Subira anafunguliwa. Anaingia kwa pua, anafuata kwa kucha, mchanga unaruka mpaka kwenye kamba ya nguo, kila dagaa anayempata anabwekea kwanza ndipo anamla. Nusu saa ya beseni inamlaza kuliko saa nzima ya lami. Teria hatafuti kutembea. Anatafuta shimo lenye kitu ndani. Ukishajua hivyo, lile swali la dakika ngapi linabaki kuwa la mwenye mbwa, mbwa mwenyewe halimhusu.

Lakini bado anahitaji kukimbia akiwa huru, bila mnyororo, na hapa mzaha unaniishia.

Mtaa wetu una eneo la wazi. Nimeliona kwenye ramani, limepakwa kijani. Ukienda penyewe utakuta baa, sehemu ya kuoshea magari na ukuta wenye geti. Lilipoliwa hakuna aliyepiga ukelele. Watoto wanacheza mpira barabarani, wameweka matofali kuwa magoli, bajaji ikija wanayaondoa, ikipita wanayarudisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji mazoezi ya wastani wa dakika 60 kwa siku. Saa moja, ile ile ya Subira. Tofauti ni kwamba saa ya Subira ina mtu anayehangaika nayo kila alfajiri, na ya wale watoto haina mtu.

Nimelala jana usiku nikilifikiria lile kundi la kituoni. Walipoambiwa kiumbe wa miaka miwili na nusu amezama mtaroni, hakuna hata mmoja aliyesema haiwezekani. Waliamini mara moja, kwa sababu wanaujua mtaro wao. Kilichowashangaza ni kuona ni mbwa. Watu wale wale walipasua zege kwa dakika chache kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo, jambo ambalo nitawaheshimu kwalo mpaka nife. Kwa ajili ya watoto waliopo hakuna aliyegusa ule ukuta hata kwa kidole. Na mwenyekiti ananidai mifuniko miwili iliyovunjwa. Ule wa tatu, ambao haukuwepo kabisa, na ndiyo tundu alilopitia Subira, haumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Mifuniko yangu nitailipa mwisho wa mwezi. Huo wa tatu nimeuandikia barua, na nakala ninayo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikitokea mtu anayehama nchi akakuita kwake jioni, akakuonyesha kijibwa cheupe kinachokutazama kwa macho ya mcha Mungu, akakwambia hakina shida, ni saa moja tu kwa siku, usimuulize habari za chakula wala chanjo. Muulize: saa moja wapi? Kama una uwanja wenye uzio, au ufukwe usio na wachumba, mchukue, hutapata rafiki mchangamfu kuliko huyo. Kama huna, chukua pazia.